Kahawa ikiuzwa mauani, hasara ya hali ya hewa ni ya mkulima

WATU wengi wakisikia mabadiliko ya tabianchi hufikiria barafu inayoyeyuka nchi za mbali. Kwa mkulima wa Bukoba na Muleba jambo hili limekwishafika nyumbani, na limeingia kwa mlango wa bei ya kahawa.

Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha robusta, ilikumbwa na ukame na joto kali mwaka 2023 na 2024. Hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa zilizopandisha bei ya robusta katika soko la London kutoka karibu dola 2,000 kwa tani mwanzoni mwa 2023 hadi kupita dola 5,000 Septemba 2024.

Kahawa nyingi ya Kagera ni robusta, hivyo neema hiyo ilifika hadi huku. Tunachouliza ni kwamba ilimfikia nani?

Mkulima aliyeuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado maua, hakuiona. Alipokea fedha za ada ya shule au matibabu miezi mingi kabla ya mavuno, kwa bei ya kutupwa. Bei ilipopanda, faida ikaenda kwa mnunuzi. Na pale makubaliano yanapokuwa ya idadi ya magunia, mvua ikikatika na maua yakapukutika, deni hubaki kwa mkulima.

Hapo ndipo penye hatari. Mbuni huhitaji kipindi cha ukavu, kisha mvua ya kutosha ili utoe maua na kushika matunda. Masika na vuli zikichelewa au kukatika, mavuno hupungua. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, kahawa huvunda. Mwaka mmoja ukame huwapiga wenzetu, mwaka mwingine ni zamu yetu.

Wafanyabiashara nao wasidhani hayawahusu. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana kutokana na ukame na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja. Uganda ikakosa umeme wa kutosha, na Bukoba ilikuwa ikitegemea umeme wa huko huko. Mei 2020 ziwa hilo hilo lilipanda hadi kupita kimo cha mwaka 1964, maji yakameza fukwe na mialo. Anayeanika dagaa mchangani anajua maana yake. Hata mbali na hapa, mwaka 2023 Mfereji wa Panama ulipunguza idadi ya meli kwa kukosa maji.

Hata hivyo, tusisingizie hali ya hewa kwa kila kitu. Mnyauko wa migomba uliobainika Muleba mwaka 2006 ni ugonjwa, na dawa yake ni kung'oa migomba iliyougua na kusafisha mapanga. Butura nayo ni kazi ya mikono yetu.

Serikali imeipiga marufuku butura mara kadhaa, lakini marufuku peke yake hailipi ada ya mtoto. Tunavitaka vyama vya ushirika na taasisi za fedha ziwakopeshe wakulima katika miezi ya njaa, kwa riba nafuu na marejesho baada ya mauzo. Mkopo huo uangalie pia mwaka wa mavuno mabaya, mkulima asinyang'anywe kibanja kwa sababu ya mvua.

Wakulima waliopata bei nzuri watenge sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya kibanja: matandazo na samadi kutunza unyevu, miti ya kivuli, na vichanja vya kuanikia badala ya udongo.

Bei nzuri haidumu. Ushirika usingoje hadi mibuni itoe maua ndipo uanze kuitisha vikao, kwani wakati huo mnunuzi wa butura atakuwa ameshabisha hodi.