Faili la Mwanafunzi Si Karatasi ya Karanga

Nilikuwa stendi ya Bagamoyo nasubiri gari la Makumbusho. Nikanunua karanga za mia tano. Kijana akaviringisha karatasi, akazimimina humo, akanipa chenji, akaenda zake. Gari lilipofika maeneo ya Kerege karanga zilikuwa zimekwisha, nami nikafanya wanachofanya wasomaji wote wenye uraibu wa maandishi: nikaikunjua karatasi nisome.

Ilikuwa barua. Imeandikwa kwa mkono, kwa peni ya bluu, kwenda kwa Mkuu wa Chuo, kupitia kwa Mshauri wa Wanafunzi. YAH: KUOMBA KUAHIRISHA MASOMO. Jina kamili la binti, namba ya usajili, namba ya simu, na pembeni muhuri wa masijala: imepokelewa. Chini yake aya tatu akieleza kwa nini anaomba kuondoka chuoni kwa mwaka mmoja.

Sababu sitaisema. Na kama umeudhika kidogo kwamba nakunyima, sikulaumu, ila jiangalie. Hamu hiyo ya kujua ya mtu ndiyo inayoilisha tabia ninayotaka kuisema leo. Chuo nacho sikitaji. Si cha Bagamoyo. Karatasi husafiri kuliko watu. Muuza karanga hana kosa hata chembe. Yeye kanunua karatasi kwa kilo kama wenzake. Kosa ni la aliyeitoa barua ile masijala na kuiita taka.

Utaniuliza, haya yanahusu nini fasihi? Yanahusu sana. Hapa kila siku tunabishana kuhusu mwandishi na msomaji wake. Yule binti alikuwa mwandishi. Alichagua msomaji mmoja, labda wawili, akawaandikia jambo ambalo pengine hata mama yake hakumwambia. Hakuandika kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa mwizi wa kusoma, na chuo ndicho kilichonifungulia mlango.

Ukiyasema haya mbele ya watu, jibu la kwanza huwa lile lile: "Hayo mambo ya faragha ni ya Wazungu. Sisi Waafrika tunaishi pamoja, hatufichani." Jamani! Anayesema hivyo amewahi kukaa pwani kweli? Huku mtu hapiti mlangoni bila hodi. Hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka, hata kama unasikia redio inaimba ndani. Nyumba ya Mswahili ina baraza ya wapita njia, ina ukumbi wa mgeni, halafu ina ndani, ambako mgeni haingii kwa sababu tu mlango uko wazi. Wanawake wa pwani wamesemana kwa kanga miaka na miaka, ujumbe unamfika mlengwa na jina la mtu halitajwi. Jando na unyago vina mafunzo ambayo hayatoki nje. Sisi ndio tusiojua siri? Tunaijua sana. Tulichokosa ni kuifikisha heshima hiyo ofisini, kwenye kabati la mafaili.

Kaole na Mji Mkongwe hapo Bagamoyo tunavilinda, na ni sawa kabisa. Lakini karatasi ya mtu aliye hai, mwenye miaka ishirini, tunaiuza kwa kilo.

Wengine husema msanii hana faragha, na Bagamoyo ni mji wa wasanii. Chuo cha Sanaa kilianza hapo mwaka 1981, leo tunakiita TaSUBa, na tamasha lake huleta watu kutoka pande zote za dunia. Mwanafunzi wa ngoma anapanda jukwaani mbele ya mamia, anatoka jasho, anapigwa picha. Sasa huyo ana nini cha kuficha? Ana mengi, ndugu yangu. Jukwaani ametoa alichochagua kutoa. Hakuchagua kutoa alama zake za somo alilofeli, deni lake la ada, wala fomu ya daktari aliyompima kabla ya kujiunga. Msanii kuliko mtu yeyote anajua tofauti ya jukwaa na nyuma ya pazia.

Na usidhani shida ni karatasi tu, kwamba kompyuta imetuponya. Kompyuta imeongeza mwendo. Matokeo ya muhula yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, faili moja, majina yote, alama zote. Kabla ya magharibi limeshafika kwa shangazi aliyeko Tanga. Orodha ya wadaiwa wa ada inabandikwa ubaoni, kisha mtu anaipiga picha.

Tazama jambo hili dogo la namba. Baraza la Mitihani likitoa matokeo ya kidato cha nne mtandaoni huweka namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja na alama. Jina haliwekwi. Hapo pana busara fulani. Halafu chuo kinatoa orodha ya waliochaguliwa: jina kamili, na pembeni yake namba ile ile ya kidato cha nne. Aliyefichwa na ofisi moja anafichuliwa na nyingine. Mtu yeyote mwenye simu na bando la mia tano anaunganisha vipande viwili, anajua binti wa jirani alipata nini kwenye hisabati miaka minne iliyopita. Na namba hiyo hiyo ndiyo anayoitumia kuombea mkopo wa elimu ya juu. Tumemtengenezea tapeli ufunguo, tukamwekea na anuani. Akiwa na jina, kozi na simu ya mzazi, kumpigia mama kijijini kwamba mwanao kaumia, tuma hela haraka, ni kazi ya dakika mbili.

Hoja ninayoichukia kuliko zote ni ile ya aibu: "Ukimbandika ubaoni ataona haya, atasoma, atalipa." Hivi nani amewahi kulipa ada kwa aibu? Ada hulipwa kwa pesa. Aibu humfanya mtu aache kuja darasani. Tuliosoma *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, tunakumbuka Rosa anavyopigwa na babake kwa ajili ya barua ya mvulana, na tunakumbuka maisha yake yanavyoishia. Kitabu kizima kinatuonya kwamba kumlinda binti kwa fedheha ni kumwangamiza. Tumekisoma shuleni, tumekijibia mtihani, tukapata alama nzuri, halafu tukawa maofisa tukasahau.

Hata Baraza lenyewe limeanza kulegeza. Januari 2023, likitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha desturi ya kutaja shule na wanafunzi bora. Kama wa kwanza anaweza kuachwa bila kutangazwa, wa mwisho tunambandika ubaoni wa nini?

Kisheria hakuna tena kisingizio. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inasema taarifa ikusanywe kwa sababu inayojulikana, itumike kwa sababu hiyo, na ilindwe. Habari za afya ya mtu zimewekewa ulinzi wa ziada. Jirani zetu wameshaonyesha kwamba sheria ya namna hii ina meno: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Sijui angesema nini kuhusu barua iliyofungiwa karanga.

Nawajua makarani wa masijala. Wengi ni watu wema waliopewa chumba kimoja, kabati lisilofunga na mafaili ya miaka ishirini. Kwa hiyo siwaombei adhabu. Nataka vitu vya kawaida. Kabati lenye kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo. Karatasi iliyomaliza muda ichomwe mbele ya shahidi, isiuzwe. Matokeo kila mtu aone ya kwake. Mdaiwa aitwe ofisini, mlango ufungwe. Orodha ya udahili isibebe jina na namba ya mtihani kwa pamoja. Anayedai kwamba mkopo ni fedha ya umma apewe idadi na kiasi, majina hayamhusu. Mwanafunzi naye ajue anaweza kuuliza chuo kina nini kumhusu, na kulalamika Tume akidharauliwa. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Ile barua niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza naweza kujitetea kwamba sikujua. Ya pili sina utetezi. Nilipofika nyumbani niliichoma jikoni, na nilipokuwa naikunja kuitia motoni nikaona nyuma yake alama za wino mwekundu. Kumbe kuna mtu ofisini aliijibu: "Amekubaliwa." Nikafurahi kwa ajili yake. Lakini hata furaha hiyo sikustahili kuipata.