Singeli Si Kelele, na DJ wa Kike Si Pambo!

Leo nina hasira kidogo. Hapa kampasi kuna watu kila bash wanampanga DJ wa kike saa moja jioni, ukumbi mtupu, eti "apambe". Na singeli marufuku, eti ya uswahilini.

Haya, mtazameni Kampire wa Kampala. Huyu dada anachanganya singeli, kuduro na magitaa ya Kikongo mpaka watu wanalowa jasho. Mwaka 2024 akakusanya nyimbo za zamani kwenye albamu ya A Dancefloor in Ndola, mji wa Zambia alikokulia. Hiyo ni kazi ya masikio na kumbukumbu, siyo ya sura!

Singeli yenyewe imezaliwa hapa hapa Dar, mipigo yake hupita 200 kwa dakika. Lakini Sounds of Sisso ya 2017 ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Sisi tulikuwa wapi? Tunangoja Berlin waicheze ndiyo tuione tamu?

Mpeni dada saa sita usiku, apige anachotaka. Asiyetaka akalale. Nawakilisha!