Maji Yameficha Historia Yetu

Wako wasemao kwamba historia ya nchi hii ilianza siku majahazi ya wageni yalipotia nanga pwani. Hayo ni masalio ya ukoloni, na maziwa yetu yenyewe yanayakanusha.

Wataalamu wamezamisha mabomba marefu katika tope la chini ya Ziwa Viktoria. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu, uliowahi kukaushwa na jua. Ndipo ikajulikana kwamba yapata miaka 17,000 iliyopita ziwa hilo, ambalo leo kina chake hufika mita 80 hivi, lilikauka. Binadamu hukaa karibu na maji. Yakirudi nyuma, naye huyafuata. Basi haikosi makao ya wahenga yamelala chini ya mawimbi. Katika Ziwa Turkana mambo ni kinyume: zamani maji yalipanda juu zaidi, na vyusa vya mifupa vya wavuvi wa kale vimeokotwa mbali na ufuko wa leo. Ajuaye maji yalifika wapi, ajua pa kutafuta.

Korogwe na Handeni hazina ziwa kubwa, lakini jambo hili lazihusu. Bonde la Ruvu, mto uitwao pia Pangani, lilikaliwa tangu kale. Mtaalamu Jonathan Walz, katika kazi yake ya mwaka 2010, alieleza vigae na shanga zilizofukuliwa huko, dalili ya biashara kati ya bara na pwani karne nyingi kabla ya wakoloni.

Handeni ni nchi ya ukame. Malambo hayana budi kuchimbwa, na mabomba ya kutoa maji Korogwe hayana budi kulazwa. Hatupingi maji hata kidogo. Twasema tu kwamba lambo likiisha kujaa, hakuna atakayetazama chini yake tena. Mtaalamu wa mambo ya kale na apite kwanza, ndipo trekta lifuate.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na avumbuaye hupaswa kutoa habari. Lakini sheria haina macho. Macho ni ya mfanyakazi ashikaye sururu mtaroni na jembe katika shamba la mkonge. Yeye ndiye akionaye kigae kwanza. Asikitupe wala asikiuze. Apeleke habari kwa uongozi wa kijiji, na matawi ya chama yamfundishe hivyo.

Taifa lililojikomboa lisikubali kuizamisha historia yake kwa mikono yake lenyewe.