Mkono wa Mtoto Ujue Njia ya Sadaka



Mjini Lubumbashi kuna sinagogi, ndiyo nyumba ya sala ya Wayahudi. Ilijengwa mwaka 1930, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, na wengi wa waliosali humo walitoka katika kisiwa cha Rhodes. Pengine umepita mbele ya mlango wake bila kujiuliza watu wale hulea watoto wao namna gani. Leo tutazame jambo moja tu la malezi yao: jinsi kijana anavyozoezwa kutoa.

Kwanza tulisikilize neno lenyewe. Sisi twasema sadaka, neno lililotujia kwa Kiarabu. Waebrania husema tsedaka. Maneno hayo ni ndugu wa shina moja, lakini katika Kiebrania shina hilo ni la haki. Basi ampaye maskini mkate hakumfanyia hisani tu. Amempa kilicho chake. Ndivyo ilivyoagiza sheria ya Musa katika kitabu cha Walawi: mvunaji asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Ruth naye aliokota masazo katika shamba la Boazi kwa haki, si kwa kuombaomba.

Haki hiyo mtoto hufundishwaje? Si kwa hotuba. Katika nyumba nyingi za Wayahudi kuna kisanduku kidogo chenye tundu. Ijumaa jioni, kabla mama hajawasha mishumaa ya Sabato, mtoto hutia sarafu humo; kwani Sabato ikiisha kuingia, washika sheria hawagusi fedha. Hajajua kusoma bado, lakini mkono wake umekwisha kujua njia.

Mvulana akitimiza miaka 13 huhesabiwa mtu mzima mbele ya sheria, naye hupewa zawadi. Wengi humpa fedha kwa hesabu ya 18, maana herufi za neno lao la uhai, zikihesabiwa, hufanya 18. Hapo wazazi humkumbusha kutenga fungu kwa ajili ya wahitaji. Huko Marekani kuna hata vikundi vya vijana wa Kiyahudi ambao huchanga, wakubwa huwaongezea, kisha vijana wenyewe husoma barua za waombaji na kuamua kwa kura fedha ziende wapi. Maombi ni mengi, fedha ni chache, na lazima wengine wakataliwe. Hapo kijana huonja uchungu, akajifunza kuwa sadaka yataka akili pamoja na moyo.

Tena hufundishwa kutomwaibisha mpokeaji. Maimonides, mwalimu na mganga mashuhuri aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa. Ya chini kabisa ni ya atoaye kwa kununa. Karibu na kilele yuko atoaye pasipo kumjua ampaye, wala mpokeaji hamjui aliyempa. Na ya juu kupita zote? Ni kumkopesha mwenzako, kushirikiana naye katika biashara au kumpatia kazi, ili asihitaji kuomba tena.

Mwalimu huyo alishika pia kanuni ya wakubwa waliomtangulia: hata maskini aishiye kwa sadaka naye atoe kidogo katika alichopewa. Sheria ngumu, mtasema. La, ni sheria ya heshima. Kwa maana asiyeruhusiwa kutoa chochote huhesabiwa kama si mtu kamili.

Enyi wazazi, Jumapili mnawatia watoto sarafu mkononi wakaiweke katika kikapu kanisani. Ni vema. Lakini mtoto yule amebeba tu sadaka ya baba yake, hajatoa bado. Mwacheni atoe kilicho chake: kuku aliyemfuga mwenyewe, mihogo aliyoilima, nusu ya faida ya karanga alizouza. Mwulizeni pia: wampa nani, na kwa sababu gani?

Nanyi wanafunzi, mwenzenu asiye na daftari akae karibu nanyi. Mpeni kimya kimya, msimtangaze darasani. Wala msingoje mshahara. Wazee wetu walikwisha sema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.