Magunia mawili nyuma ya jiko

Muuguzi aliilaza kadi mezani, akaunganisha kwa kalamu nukta ya mwezi uliopita na nukta ya mwezi huu. Mstari haukupanda. Ulikwenda sambamba kama ulivyokwenda mwezi wa nyuma, na sasa umeanza kuikaribia sehemu ya rangi ya kijivu.

“Mama, jana mtoto alikula nini?”

Mama akahesabu kwa vidole. Asubuhi uji. Mchana ugali wa muhogo na mchuzi wa mbaazi. Jioni uji tena. Katikati ananyonya.

“Na mboga za majani?”

“Kiangazi hiki, nesi, majani nitayatoa wapi?”

Ni mwezi wa Julai na mtoto ana miezi tisa. Nyumba yao iko Lukuledi, wilayani Masasi. Ni nyumba ya mfano, lakini mzazi wa Ndanda au Newala hatashindwa kuitambua. Shamba la mikorosho lipo, mbaazi zinavunwa, na kuku wanazunguka uani. Haina njaa. Kila anayeketi kula anashiba, akiwamo huyo mdogo.

Kushiba si kukua

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti kama huo wa 2015/16 ulikuta asilimia 34. Hali inaboreka, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi.

Udumavu hauji kwa kishindo. Mtoto anacheza, anacheka, analala vizuri, ila urefu wake haulingani na umri. Muda wa kuuzuia ni mfupi: siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya urefu uliopotea hairudi.

Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha. Kuanzia hapo mtoto anaendelea kunyonya lakini anahitaji na chakula, na hicho chakula kisiwe cha rangi moja kila siku. Uji na ugali wa muhogo vinatia nguvu, ila kwa madini ya chuma na vitamini A ni maskini. Mbaazi zinasaidia, lakini hapa mtoto alipewa mchuzi, mbaazi zenyewe zikabaki kwenye sahani za wakubwa.

Konzi moja

Mama aliporudi nyumbani akamweleza mumewe alichoambiwa kliniki: walime bustani.

“Mama watoto, bustani sasa hivi?” baba akauliza. “Maji yako wapi? Tusubiri mvua za Desemba.”

Hakusema ovyo. Kwa watu wengi wa huku neno bustani linaleta picha ya matuta bondeni, karibu na Mto Lukuledi, mchicha wa kuuza, na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni. Ni kazi ya pekee, nayo inaangukia msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho.

Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Mwenye miezi tisa hadi kumi na moja hula nusu kikombe hadi robo tatu ya kikombe kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Majani yanayohitajika ndani ya chakula hicho ni konzi moja. Konzi hiyo haidai shamba. Inadai majani yawe hatua chache kutoka jikoni, kila siku, hasa kiangazi. Masika kila mtu ana majani: kunde zinachipua, maboga yanatambaa, mlenda unajiotea wenyewe. Kipimo cha bustani ya mtoto ni Agosti, Septemba na Oktoba.

Kuku walishinda mara ya kwanza

Walianza na tuta moja nyuma ya jiko. Mchicha ukaota siku ya tano. Siku ya nane kuku walishauparua wote, na mbuzi wa jirani akamalizia matembele.

Mara ya pili waliamua kuipandisha bustani juu, kwenye magunia. Baba, kwa nia njema, akaleta mawili matupu aliyokuwa ameyaweka stoo. Yalikuwa ya salfa.

Mhudumu wa afya wa kitongoji ndiye aliyeyazuia. “Haya yarudishe, baba. Kilichobebea dawa ya shambani hakioti chakula.” Mfuko wa salfa, dumu la dawa ya wadudu, kopo la dawa ya panya, vyote haviwi bustani, haviwi ndoo ya maji, wala mtoto hapewi kuchezea, hata vikioshwa mara kumi. Kiroba cha unga au cha sukari kinatosha.

Utengenezaji wenyewe ni wa asubuhi moja. Udongo wa juu wenye rutuba huchanganywa na samadi ya zamani iliyooza vizuri, kwa kadiri ya makarai matatu ya udongo kwa karai moja la samadi. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya kiroba na kujazwa kokoto, kisha udongo hujazwa pembeni yake. Kopo huvutwa juu, hujazwa tena kokoto, udongo tena, hadi kiroba kijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandikiza miche ya sukuma wiki au vikonyo vya matembele, na juu husiwa mchicha.

Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Haung’olewi. Hukatwa juu ili uchipue tena. Matembele na sukuma wiki huchukua muda zaidi, lakini hutoa majani kwa miezi.

Magunia yawekwe mbali na mikorosho inayopulizwa. Vumbi la salfa husafiri na upepo wa asubuhi, kwa hiyo siku ya kupuliza bustani hufunikwa na watoto hukaa mbali, na majani huoshwa vizuri kwa maji safi kabla ya kukatwa.

Maji yaliyokwisha kutumika

Swali la baba kuhusu maji lilikuwa la haki. Juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala, vizazi na vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda miteremko kufuata maji. Hakuna atakayemwaga ndoo ya maji hayo kwenye mchicha.

Kwa bahati, magunia mawili hayadai maji mapya. Maji ya kuoshea muhogo na mchele, ya kunawia mikono na ya kusuuzia vyombo yanatosha. Ya sabuni kidogo hayadhuru yakimwagwa kwenye udongo bila kugusa majani. Yenye mafuta mengi au dawa ya kung’arishia nguo yasitumike.

Yanapokusanywa, ndoo ifunikwe. Ndoo wazi inazalisha mbu, na mtoto anayetambaa anaweza kuzama ndani ya maji yasiyofika hata magotini mwa mtu mzima.

Kazi ya kumwagilia aliichukua dada wa huyo mdogo, mwenye miaka minne. Alipewa kopo lake mwenyewe lililotobolewa vitundu. Alikuwa hali mchicha kabisa, lakini majani ya kwanza ya gunia “lake” aliyala yote, akamwonyesha kila mgeni sahani tupu. Mama yake ana kazi moja tu hapo: kuhakikisha mikono inanawiwa kwa sabuni baada ya kugusa udongo, maana samadi na minyoo vinakwenda pamoja.

Bibi na majani

Upinzani ulitoka kwa bibi, mama mzaa mama, ambaye ndiye anayeshinda na watoto.

“Huyu hata meno hayajatimia. Mkimpa majani ataharisha.”

“Tutayaponda, mama. Hayatakuwa na nyuzi.”

Majani machanga yalikatwa membamba, yakachemshwa dakika chache tu kwenye maji kidogo, yakapondwa pamoja na mbaazi zenyewe, si mchuzi wake, na kijiko cha karanga zilizosagwa. Mafuta ya karanga, ufuta au korosho husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo kwenye majani. Kuchemsha muda mrefu, au kutia magadi ili majani yalainike haraka, kunapoteza sehemu ya vitamini. Kisamvu ni mboga ya peke yake: hicho lazima kitwangwe na kichemshwe sana, kwa kuwa kibichi kina sumu.

Siku ya pili choo cha mtoto kikatoka na rangi ya kijani. Bibi akaita watu. Lakini mtoto hakuharisha, hakuwa na homa, na alicheza kama kawaida. Ni rangi ya majani tu. Siku ya tatu akatema. Siku ya nne akatema tena. Mtoto hukataa ladha ngeni, na huenda ikabidi aonjeshwe mara kumi au zaidi, bila kulazimishwa, ndipo aizoee. Aliyefaulu kumlisha mwishowe ni bibi mwenyewe, kwa kuanza kula yeye mbele ya mtoto huku akisifu.

Oktoba ilipofika, mabibo yakaanza kudondoka. Mengi huozea chini ya mikorosho au huishia kwenye uraka, ilhali bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Vitamini C husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na mbaazi. Kwa hiyo juisi kidogo ya bibo, iliyokamuliwa kwa mikono safi na kunywewa hapo hapo, ina kazi mezani. Chai ya rangi inafanya kinyume, inayazuia madini hayo. Haina nafasi kwenye kikombe cha mtoto mdogo.

Korosho na karanga zima mtoto mdogo asipewe, zinaweza kumpalia. Zisagwe. Na korosho mbichi ya shambani asiachiwe kuchezea, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.

Bustani haiwi zahanati

Wazazi wengine wakishapanda mchicha huona wameshamaliza. Hapana. Mtoto akipauka viganja na kope za ndani, akichoka upesi au akipumua kwa shida, hiyo si kazi ya mboga. Anahitaji kupimwa siku hiyo hiyo. Kusini kuna malaria nyingi, na malaria hula damu kuliko mchicha unavyoweza kuirudisha. Mtoto huyu wa Lukuledi, Agosti alipimwa akakutwa na malaria. Alitibiwa, na tangu hapo chandarua kinafungwa kila jioni kabla ya giza.

Mstari wa uzito usipopanda miezi miwili mfululizo, mzazi asisubiri wa tatu. Mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ukipimwa kwa utepe wa kliniki na kukutwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, na anahitaji matibabu mara moja. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa kwa kampeni, kwa kawaida Juni na Desemba, apewe hata kama nyumbani bustani imejaa.

Na wale kuku waliokula tuta la kwanza nao wana deni. Yai moja lina protini ambayo majani hayana kwa wingi huo, na mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kulila likiwa limeiva vizuri. Nyumba nyingi huuza mayai yote ili kununua chumvi na sabuni. Nyumba hii ilikubaliana kwamba matatu kwa wiki hayauzwi.

Novemba

Sasa ni msimu. Mama na baba wanaondoka alfajiri kuokota korosho, wanarudi jua linazama. Ni miezi ambayo fedha zinaingia, na ndiyo miezi ambayo mtoto mdogo hukosa mtu wa kumpikia mara nne.

Kwa hiyo kila jioni mama anasaga karanga za kesho na kuziacha kwenye kopo lenye mfuniko. Asubuhi dada mtu anamwagilia magunia yake. Saa tano bibi anatoka na kisu, anakata konzi moja, anarudi jikoni. Safari nzima ni hatua kumi na mbili.

Kliniki ya mwezi huu bibi ndiye aliyempeleka mtoto. Muuguzi aliunganisha nukta, na mstari ukapanda, kidogo, ndani ya rangi ya kijani. Kisha akauliza kama kawaida jana mtoto alikula nini.

Bibi akaanza kuhesabu, na vidole vya mkono mmoja havikutosha.