Waridi Jekundu na Kamera Isiyoona

Haya basi, wasomaji wangu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya hifadhidata wiki hii, lakini hiyo itangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu ua.

Shangazi yangu huuza miche ya mawaridi kule Limuru. Mwezi uliopita nilimpigia picha za maua yake ili awatumie wateja kwa simu. Lipo waridi moja analolipenda kuliko yote, la rangi ya damu ya mzee, petali zake kama mahameli. Kwenye picha zangu lilitoka jekundu la kung'aa kama ndoo ya plastiki, bila mkunjo hata mmoja, na kingo zake zimegeuka pinki. (Kiswahili nacho huita pinki "rangi ya waridi". Labda kamera yangu imesoma kamusi.) Mteja akaagiza miche 20. Alipokuja kuichukua na kuona maua yenyewe, alisema amedanganywa, akaenda zake. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo mashine yako haioni."

Nikawauliza wapiga picha ninaowajua. Wa kwanza: nunua kamera kubwa. Wa pili: badilisha mpangilio wa rangi uwe Adobe RGB. Wa tatu: utarekebisha kwa Photoshop. Ushauri wote huo ni bure, isipokuwa wa kwanza, ambao pia ni ghali.

Hebu tuangalie kinachotokea. Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa kwa vichujio vya rangi kwa mpango aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, uliopata hataza mwaka 1976: katika kila pikseli 4, 2 ni za kijani, 1 nyekundu, 1 bluu. Sina ugomvi na Bayer. Jicho letu hutegemea kijani zaidi kupima mwangaza, na alifuata jicho.

Ugomvi wangu ni na programu inayofuata. Kanuni ya zamani ya kukadiria mwangaza, ambayo bado imejaa kila mahali, huchukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya bluu. Sasa jaza nyekundu hadi kikomo, 255, na uache nyingine sifuri. Jibu ni 76 hivi. Yaani nyekundu imefurika, lakini kamera inayopima kwa hesabu ya namna hii inaona giza, na inaongeza mwanga! Ile histogramu ya mstari mmoja nayo imekaa kushoto kwa utulivu kabisa, kama askari aliyelala langoni.

Rangi nayo hugeuka kwa nini? Tuseme, kwa hesabu ya mwanga mtupu, petali inarudisha nyekundu 240, kijani 20, bluu 40. Ongeza mwanga mara mbili. Kijani inakuwa 40, bluu 80, lakini nyekundu haiwezi kufika 480, inagota 255. Nyekundu ilikuwa mara 6 ya bluu, sasa ni mara 3 tu na kidogo. Hiyo ndiyo pinki yangu. Na kwa kuwa kila sehemu ya petali imegota palepale, mikunjo imepotea. Bwana Photoshop, utarekebisha nini hapo? Namba zenyewe hazipo.

Kuhusu Adobe RGB: fungua jedwali lake. Ncha yake ya nyekundu iko kwenye 0.64 na 0.33, sawasawa na ya sRGB. Ilipanuliwa upande wa kijani. Ni nzuri kwa majani ya waridi, basi.

Halafu JPEG. Katika mpangilio unaotumika sana, mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila pikseli 4. Ua ambalo mikunjo yake yote imo ndani ya nyekundu ndilo linaloumia zaidi.

Sasa nageukia wenzangu waandishi wa programu. Msiniambie kwamba wateja wanapenda rangi kali. Wapeni. Lakini kuonya kwamba rangi moja kati ya 3 imefurika ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Kamera kadhaa hufanya hivyo tayari. Nyingine huificha ndani ya menyu ambayo shangazi hatafika kamwe. Nchi hii inapeleka mawaridi hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, nasi tumekubali vifaa ambavyo havijui waridi lilivyo.

Mpaka watakapotusikia, fanya hivi. Piga kwenye kivuli au siku ya mawingu. Punguza mwanga kwa hatua 1 hadi 2. Kwenye simu, gusa ua kisha vuta alama ya jua chini. Zima ile mitindo ya rangi kali. Usiiache kamera ichague yenyewe usawa wa weupe, maana ua likijaza picha nzima itadhani nyekundu ni kosa la taa. Pima kwa kadi ya kijivu. Kama kuna histogramu ya rangi 3, tazama ile nyekundu.

Na ukiweza, hifadhi faili ghafi, ile iliyoandikwa RAW. Android iliruhusu hilo tangu toleo la 5.0 mwaka 2014, ikiwa mtengenezaji wa simu amekubali. Kamera nyingi, kwenye mwanga wa mchana, huizidisha nyekundu karibu mara mbili kabla ya kutoa JPEG, kwa hiyo mara nyingi petali iliyokufa kwenye JPEG bado i hai kwenye faili ghafi.

Jumamosi narudi Limuru na kadi yangu ya kijivu. Ile miche 20 bado ipo.