Tusinunue Sufuria kwa Macho

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nilijifunza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini maana yake nilikuja kuifahamu mbali na nyumbani, katika mji wa Pune, magharibi mwa India, ambako niliishi kwa miaka mitatu kuanzia mwaka 2015. Aliyenifunza hakuwa mwalimu, bali sufuria.

Wakenya wengi huenda India kwa masomo, na wengine hukaa huko miezi kadhaa wakiuguza jamaa zao. Wote hawa sharti wapike. Na wengi wao huwa na wazo moja: sisi ni wapita njia, ya nini kutumia fedha nyingi kwa vyombo vya jikoni? Nami niliwaza vivyo hivyo. Juma langu la kwanza nilimkuta mchuuzi kando ya barabara, amepanga sufuria za kupikia kwa mvuke, zinang'aa kama kioo. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Nilinunua moja bila hata kuigeuza nitazame chini yake.

Jioni moja mwenzangu niliyeishi naye alikuwa akichemsha maharagwe. Tundu la kupitishia mvuke liliziba, na kile kizibo kidogo cha usalama ambacho hupaswa kuachia joto linapozidi hakikufanya kazi. Kifuniko kilirushwa hadi darini. Mwenzangu aliungua mkono na bega, akakosa mitihani ya muhula ule. Laiti angekuwa ameinama juu ya jiko, leo ningekuwa nikiandika habari nyingine.

Mama mwenye nyumba alipoiona ile sufuria alitikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "hapa hatununui chombo kwa macho." Jumamosi iliyofuata alinipeleka katika soko la Tulshibaug, na huko nikaona jinsi mwenyeji anavyonunua.

Kwanza aligeuza kila chombo. Sufuria ya mvuke aliitafuta alama ya ISI, ambayo hutolewa na shirika la viwango la nchi hiyo, pamoja na nambari IS 2347 na nambari ya leseni ya kiwanda. Tangu Februari 2021 sheria ya India imekataza kuuza sufuria hizo zikiwa hazina alama. Hata hivyo, mwaka 2022 mamlaka ya kulinda wanunuzi ilizitoza faini kampuni kubwa zilizoruhusu sufuria zisizotimiza masharti kuuzwa kwenye mitandao yao. Ni dhahiri basi kwamba sheria peke yake haimkingi mnunuzi asiyetazama.

Pili, chuma kisichoshika kutu. Muuzaji mmoja alitoa sumaku, akaionyesha kuwa hainati kwenye sufuria, kisha akatangaza ushindi. Yule mama alicheka. Chuma bora cha daraja la 304 huwa na takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na kweli sumaku haikinati. Lakini kipo cha bei nafuu, cha daraja la 200 na ushei, ambacho sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi. Hicho nacho sumaku haikinati, ila hushika kutu upesi zaidi. Kwa hivyo sumaku si shahidi wa kutosha. Yeye alidai daraja la chuma liandikwe kwenye stakabadhi, kisha akaomba sufuria ipimwe kwenye mizani, maana chombo chepesi mno huunguza chakula.

Tatu, shaba. Katika mtaa wa Tambat Ali mjini humo, wafua shaba wangali wanagonga vyombo kwa nyundo. Ufundi wa namna hiyo wa Jandiala Guru, katika jimbo la Punjab, uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni. Ni vyombo vya fahari, lakini vya kupikia lazima ndani vipakwe bati. Ukipika ukwaju au nyanya katika shaba tupu, shaba huingia katika chakula na kukudhuru. Bati nalo huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, kwa hivyo chombo hicho hakiachwi motoni kikiwa kitupu, na bati likichakaa hupakwa upya.

Najua kuna atakayeniuliza: Je, mwanafunzi asiye na kitu afanye nini? Sisemi anunue vya anasa. Karai na tawa za chuma cha kawaida, vyombo ambavyo majina yake sisi Waswahili tuliyapokea kutoka India kwenyewe, ni za bei nafuu, na zikipakwa mafuta hudumu miaka mingi. Huko anaweza kubana matumizi bila hofu. Lakini sufuria ya mvuke si mahali pa kubania. Heri kukaa bila hiyo, ukachemsha maharagwe saa tatu katika sufuria ya kawaida, kuliko kununua isiyo na alama.

Aidha, fikira ya kwamba sisi ni wapita njia ndiyo inayotuponza. Mtu hula kila siku awapo ugenini kama alavyo kwao, na moto haumbagui mgeni. Wewe unayefunga safari ya India mwaka huu, ukifika sokoni geuza chombo, soma nambari, dai stakabadhi, na umwulize mwenyeji wako. Mimi sikuuliza, na mwenzangu angali na kovu begani.